Mpaka Barabara

Siku ile mliponiaga kwa saa ya ukutani na keki iliyokosea jina langu, mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, ili vijana wa ofisi ya ardhi na mipango wapate la kujifunza. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika vyeo. Cheo hupewa mtu, kisha hupewa mwingine, na kiti hakijui tofauti. Nitaandika zaidi juu ya maneno mawili. La kwanza ni dogo na halina hatia, nalo nusura libomoe nyumba za watu. La pili ni "inasemekana", ambalo nalichukia kama mpimaji anavyochukia mnyororo uliovutika viungo: unautandaza ardhini kwa imani, nao unakudanganya kila urefu.

Nilizaliwa Mbarara, magharibi mwa Uganda, katika nyumba ya mfanyabiashara Mwislamu aliyeuza vitambaa. Baba alinipeleka kwa ndugu zake Tanzania nikasome, nami nikasoma hadi nikahitimu upimaji wa ardhi. Nilirudi na cheti pamoja na Kiswahili ambacho wenzangu ofisini walikitazama kama suti ya harusi: kizuri, lakini utakivaa wapi? Kiswahili cha Mbarara kilikuwa cha kambi ya jeshi, cha polisi na cha sokoni, na kila mmoja alikikata kwa kipimo chake. Watu wa huku wakiona kofia ya kiislamu juu ya mvi humwita mwenye navyo Hajji bila kumuuliza. Sijahiji. Nimelisema hilo mara nyingi, na hakuna anayelisikiliza. Huo nao ni uvumi, ila nimeuacha kwa kuwa haujamtoa mtu nyumbani kwake.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vilivyong'arishwa. Mkuu wangu alikuwa Mzee Byaruhanga, mpimaji mrefu na mkavu, aliyezungumza kana kwamba maneno hupungua mwilini kama damu. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda.

"Sebo, unakwenda kuoa?" aliuliza; sebo kwa huku ni "bwana".

"Hapana, Mzee."

"Basi vivue. Tunakwenda Kakoba."

Alinipa viatu vya mpira vilivyonizidi, sanduku la mbao lenye thiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, na timazi iliyofungwa kwenye kitambaa safi kuliko shati langu. Alinifundisha kwamba kwenye mteremko miguu miwili ya chombo husimama upande wa chini na mmoja upande wa juu, la sivyo chombo kitaanguka na jina lako litaanguka nacho. Alinifundisha kupima nikienda na kupima nikirudi. "Ukikuta tofauti kubwa," alisema, "hukupima. Ulitembea." Na alinipa kanuni ambayo sijapata kuiona katika kitabu chochote: usichokikanyaga, usikichore, usichokisikia kwa masikio yako, usikiandike.

Mtaa wa Kakoba wa siku zile ulikuwa ukijengwa kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Wenye viwanja walijenga safu za vyumba vya kupangisha, chumba kimoja kwa familia moja, ambavyo huku Uganda huitwa mizigo. Katika Kiswahili nilichosomea, mzigo hubebwa. Kakoba, mzigo hukaliwa, na baada ya kuviona vyumba vile sikuona kosa la lugha. Mimi mwenyewe nilipojitambulisha kwa wakaazi kuwa "mpangaji wa mji", bibi mmoja alinihurumia, akaniuliza kama mwenye nyumba wangu naye ni mkali. Ndivyo nilivyojifunza kwamba mtu anayepanga mji na mtu anayepanga chumba wanachangia jina moja, na kwamba mmoja wao akilisahau hilo, mwingine ndiye anayelala nje.

Shauri langu la kwanza lilikuwa la safu ya mizigo iliyojengwa juu ya hifadhi ya barabara. Mwenye nyumba alitoka akiwa na taulo shingoni.

"Niliambiwa hapa hakuna barabara," alisema.

"Uliambiwa na nani?" aliuliza Byaruhanga.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wa hapa hapa."

Byaruhanga alinigeukia bila kutabasamu. "Andika: watu wa hapa hapa. Acha nafasi ya sahihi yao." Kisha akainamisha kichwa kwenye mlango wa chumba cha mwisho, ambamo mama mmoja alikuwa akipika, akamwomba ruhusa ya kupitisha mnyororo. "Samahani mama. Barabara ya mji inapita chini ya sufuria yako."

"Basi ipite haraka, Mzee," alijibu yule mama, "matoke yangu yanaungua."

Safu ile ilivunjwa, na ilistahili kuvunjwa. Lakini Byaruhanga hakukubali tingatinga liguse ukuta kabla ya mwenye nyumba kuwatafutia wapangaji wake mahali pengine, kwa gharama yake. Wakubwa walinung'unika kwamba anachelewesha mji. Aliwajibu kwamba aliyekosea ni aliyejenga, si aliyelala ndani. Sikupata kuisikia sheria ya mipango miji ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo, na nimehudhuria semina nyingi, zote zenye chai.

Nayapita mengi. Mbarara ilitanuka ikapanda vilima na kushuka hadi kingo za mto Rwizi, mahali ambapo hata chura angefikiri mara mbili kabla ya kujenga. Byaruhanga alistaafu, kisha akafariki. Nilimzika mwenyewe, kwa hiyo hilo naweza kuliandika. Mnyororo uliwekwa kabatini, vikaja vyombo vinavyozungumza na satelaiti, zikaja ndege ndogo za kupiga picha. Sina ugomvi na mashine. Ugomvi wangu ni na mtu anayeamini kwamba mashine imekwenda kwa niaba yake.

Katika miaka yangu ya mwisho nilipelekwa Nakivale, makazi makubwa ya wakimbizi yaliyo wilayani Isingiro. Kutoka Mbarara unapita Kaberebere, ambako malori hupakia matoke, kisha migomba inapungua, vilima vinakuwa vikavu, na mwisho unaliona ziwa. Mtu asiyefika hudhani kuna mahema. Kuna mji. Kuna mafundi simu, washonaji, makanisa, misikiti, shule, vinyozi, nyumba za udongo zenye mabati na nyumba za matofali zenye vizingiti vilivyopakwa rangi. Watoto waliozaliwa pale wameshazaa. Hata hivyo kila ramani niliyokabidhiwa ilikuwa na maneno "makazi ya muda". Niliuliza muda huo una urefu gani. Nilijibiwa kwamba mimi ni mzee mwenye utani. Sijapata kuwa na utani.

Nilipelekwa kwa sababu ya Kiswahili changu, wakidhani kwamba Kiswahili ni kimoja. Wakongomani walizungumza chao, Warundi chao, askari na maafisa wa Uganda chao, nami nikasimama katikati na suti yangu ya harusi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kupima upande mmoja wa barabara inayokatiza mojawapo ya senta, yaani vitovu vya biashara, za makazi yale, kwa kuwa barabara hiyo ingepanuliwa na kumwagiwa moramu mpya, ule udongo wa changarawe. Nilipofika nilikuta safu nzima ya nyumba imeshapakwa alama ya msalaba kwa rangi nyekundu, ile alama ambayo kila Mganda anaijua: ondoka.

Nyumba ya katikati ilikuwa na tanuri la mikate, pana, la udongo mwekundu, limekaa nyuma ya nyumba kama mnyama aliyelala. Msalaba ulikuwa mlangoni. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kivu, Kongo, mnene, mwenye kitenge kilichojaa unga, ambaye wote walimwita Mama Sifa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Alinitazama nikisimamisha chombo.

"Papa, weye ndiye ulileta hii langi?"

"Si mimi, mama. Mimi ni mpimaji."

"Bote benye kuya hapa banasema si bo. Langi ilijipaka yenyewe?"

Kwake wote ni "bote", na wao ni "bo"; nilimuuliza ni nani aliyempa kiwanja.

"Kiwanja? Papa, hapa ndeke haishukake. Hii ni parseli." Jirani zake walicheka. Kwao kiwanja ni cha ndege. Ardhi ya nyumba ni parseli. Nililisahihisha neno langu, na nikauliza upya.

"Afande alitupatia. Ilikuwa miiba mingi, hata nyoka ilikuwa inaombaka njia. Akasema, mutakaa hapa mupaka barabara. Ona barabara ile. Ona nyumba yangu. Nilijenga nikafika pale, sikuruka."

"Afande yupi?"

"Ule wa fimbo."

"Mama, kuambiwa si ushahidi."

Alipangusa mikono, akanitazama kwa huruma kidogo. "Papa, batu bote tuliambiwa tu. Hata jina yako uliambiwa."

Nilirudi kwenye chombo, nikapima. Nilipima nikienda, nikapima nikirudi. Barabara iliyopanuliwa, pamoja na mitaro yake miwili, ingeishia ndani ya hifadhi yake. Haikufika kwenye mlango wa Mama Sifa, sembuse kwenye tanuri lake. Barabara haikuihitaji nyumba hata moja katika safu ile. Basi msalaba ule ulikuwa wa nani?

Jibu nililipata ofisini kwetu pale Nakivale, limeegemezwa ukutani, limewekewa fremu. Kampuni moja ya ujenzi iliyotoka mjini ilikuwa imeleta picha ya kompyuta: upande ule ule wa barabara, maduka ya ghorofa yenye vioo, miti isiyoota Isingiro, na watu waliovaa miwani ya jua wakitembeza mbwa. Nakivale! Nilimtafuta mkimbizi mmoja katika picha ile, nisimwone. Nilitafuta mtu aliyebeba dumu la maji, nisimwone. Hata vumbi hawakulichora. Mwakilishi wa kampuni, mtu mwenye viatu kama vile vyangu vya siku ya kwanza, alinieleza kwamba hayo ndiyo maendeleo. Nilimuuliza mbwa ni wa nani.

Sikatai maduka. Sikatai ghorofa. Na ninajua vizuri kuliko wengi kwamba ardhi ya makazi yale si mali ya wakimbizi, wamepewa waitumie. Lakini kumwondoa mtu aliyepewa kuna utaratibu wake: kwanza anaarifiwa, anapewa muda, na anapewa kiwanja kingine. Ndiyo maana ofisi ilihitaji njia ya kuukwepa utaratibu huo, na njia hiyo ilipatikana katika sentensi moja ya taarifa, iliyoandikwa kwa Kiingereza na mtu ambaye hakuwepo. Ilisema kwamba wakaazi wa safu ile walijulishwa tangu mwanzo kuwa watakaa pale hadi barabara itakapokuja. Basi barabara inakuja, basi hawadai notisi wala kiwanja mbadala, walijua.

Msomaji wa Kiswahili ameshaliona jambo lenyewe. Mpaka ni mwisho wa ardhi, na mpaka ni mwisho wa wakati. "Mtakaa hapa mpaka barabara." Mama Sifa alisikia mahali. Mwandishi wa taarifa alisikia saa. Neno ni moja, na kati ya masikio hayo mawili kuna nyumba, tanuri, na mlo wa watoto. Tena barabara ilikuwepo tayari siku ile ya kugawa viwanja! Itakujaje iliyokwisha kuja? Nilimpelekea swali hilo mkuu wetu wa wakati ule, mtu aliyependa sana mikutano.

"Ilikusudiwa barabara mpya, Hajji," alisema. "Hilo linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Na ofisi."

"Ofisi haina masikio. Nani alisikia?"

Alipekua mafaili kwa muda, kwa heshima tu. "Aliyezungumza ni Afande Kamugisha, yule mwanajeshi mstaafu aliyekuwa akigawa viwanja. Na inasemekana ameshafariki. Mungu amrehemu."

"Ulimzika?"

"Hajji!"

"Nauliza tu. Ni nani hapa aliyekwenda mazishini?"

Hakuna aliyekwenda. Hakuna aliyejua kaburi liliko. Ofisi nzima ilikuwa imemzika mtu kwa neno moja, kwa sababu kufa kwake kulikuwa na manufaa. 

Nilirudi Mbarara, nikaenda kwenye nyumba zilizo karibu na kambi ya jeshi, ambako familia za askari hujuana kuliko wanavyojuana ndugu. Mke wa koplo mmoja alikuwa akianika nguo. Nilimuuliza habari za marehemu Kamugisha.

"Marehemu ni Kamugisha wa bendi, aliyepiga tarumbeta," alisema. "Unamtaka huyo?"

"Namtaka wa fimbo."

"Mawe!" akashangaa, yaani mama wee. "Wa fimbo atakufaje? Yuko Nyamitanga, ng'ombe wake wanakula nguo za majirani."

Nilivuka daraja la Rwizi hadi Nyamitanga, nikamkuta Afande Kamugisha katikati ya migomba yake, amekonda, amenyooka, jembe mkononi na fimbo imeegemea mgomba.

"Afande, ofisi inasema umekufa."

Alifikiri. "Lini?"

"Hawakusema."

"Hiyo ofisi mubaya sana. Hata kufa ya mutu hapana andika tarehe." Akaita nyumbani tuletewe bushera, tukakaa kwenye magogo tukinywa kinywaji kile cha mtama, marehemu na mimi.

Hapa nisikilizeni, maana hili ni la kazi. Sikumwambia taarifa ilisema nini. Sikumwambia Mama Sifa alisema nini. Sikumtajia neno mpaka. Shahidi hapewi jibu pamoja na swali, wala hakumbushwi jambo ambalo wewe unataka alikumbuke. Nilimwambia tu kwamba kuna mkutano Nakivale kuhusu viwanja alivyovigawa, na kwamba nitampeleka na kumrudisha.

"Hao watu ya Kongo bado iko?" aliuliza.

"Wako."

"Iko na mukate pale. Nilisikia harufu, mbele ya kustaafu." Na hilo ndilo pekee lililomfanya akubali.

Mkutano ulifanyika chini ya banda la mabati linalotumiwa kugawia chakula. Mkuu wetu alikaa mbele na taarifa yake. Mwakilishi wa kampuni alikuwa ameileta picha ya mbwa. Wakaazi walijaa kwenye mabenchi, na Mama Sifa alikaa benchi la kwanza, mikono mapajani, bila unga siku hiyo. Mkuu alikuwa anaeleza kwa mara ya pili kwamba marehemu Kamugisha alilisema jambo hili bayana, ndipo marehemu alipoingia akigonga fimbo sakafuni. Mkuu alisimama. Sijui alisimama kwa heshima au kwa hofu, na siandiki nisilolijua. Benchi la nyuma mtu mmoja alisema, "Yesu!" na mwingine akamjibu, "Hapana, ni Afande."

Mkuu alijikusanya haraka, hilo nakiri. "Afande," alisema, "tunashukuru uko hai. Tusaidie jambo moja. Ulipowaambia hawa watakaa mpaka barabara, ulikusudia mpaka lini?"

Kamugisha alimtazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa Jumanne.

"Lini? Sebo, mupaka hapana kuwa na lini. Mupaka iko na wapi."

Kicheko kilianza mbele kikaenda nyuma, kisha kikarudi. Kamugisha hakucheka. Alitoka nje ya banda, na mkutano mzima ukamfuata, mkuu, kampuni, picha na wote, hadi kwenye safu ya nyumba zenye misalaba. Alizunguka mara moja, akisoma ardhi kama wanavyoisoma watu waliowahi kulala juu yake na bunduki.

"Mimi nilisimama hapa. Miiba tupu. Nikasema: nyinyi takaa kutoka kwa ile kichuguu mupaka barabara. Barabara ile." Akaionyesha kwa fimbo. Kisha akageuka upande wa pili, fimbo ikabaki hewani. "Sasa kichuguu iko wapi? Nani aliiba kichuguu yangu?"

Watu waligeuka huku na huku wakitafuta. Kisha Mama Sifa akapiga mikono.

"Afande! Kichuguu ndiyo tanuri! Nilikata udongo yake, nikafanya matofali, na chini yake nikaacha. Kuya uone!"

Tulikwenda nyuma ya nyumba. Nilipiga magoti, mimi na mvi zangu, nikaangalia chini ya tanuri. Kitako chake kilikuwa kichuguu kile kile, kigumu kama mfupa, kimekatwa juu na kusawazishwa. Vijia vya mchwa vilikuwa bado vinaonekana. Hakuna aliyekuwa amemtajia Kamugisha kichuguu. Mama Sifa hakuwa amenitajia mimi, kwa kuwa kwake kilishakuwa tanuri. Kutoka kichuguu mpaka barabara: mwanzo na mwisho, kama mpimaji yeyote anavyoanza kwa jiwe na kumaliza kwa jiwe. Mwandishi wa taarifa alikuwa ameula mwanzo wa sentensi, akabakiza mwisho wake, kisha akauita mwisho huo saa.

Niliyasema hayo kwa sauti, kwa maneno makali kuliko haya. Mwakilishi wa kampuni aliniambia, "Mzee, lakini maendeleo hayawezi kusimamishwa na kichuguu." Kamugisha alimjibu kabla yangu: "Nani amesimamisha? Barabara iko wazi. Maendeleo ipite."

Mkuu alisema suala litatazamwa upya. Lilitazamwa, na likachukua muda mrefu kuliko lilivyochukua kupaka rangi. Mwishowe uamuzi ulikuja: misalaba imefutwa, mpaka wa safu ile ni ukingo wa hifadhi ya barabara, mawe yawekwe, na wakaazi waendelee kukaa kwa sasa. Kwa sasa! Mtaona kwamba ofisi haiwezi kumpa mtu mahali bila kumtilia saa chini ya mto.

Na nyumba ya mwisho ya safu ile haikungoja uamuzi. Ilikuwa ya mzee wa Kirundi, mtu mpole, ambaye aliuona msalaba akauamini. Aliibomoa mwenyewe ili ayaokoe mabati yake, akayafunga juu ya baiskeli, akaondoka. Niliuliza alikokwenda. Niliambiwa inasemekana amekwenda upande wa ziwa. Niliuzunguka upande wa ziwa, sikumpata. Hakuna afisa aliyeulizwa juu yake; mwandishi wa taarifa anaandika taarifa nyingine hivi leo. Wanaosema mwisho ulikuwa mwema hawakukikanyaga kiwanja kile kitupu. Mimi nilikikanyaga.

Kwa hiyo ninyi mnaobaki, msiandike "mpaka" likiwa peke yake. Wala msikimbilie "hadi", maana nalo lina ugonjwa ule ule. Andikeni kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Na kama kuna tarehe, iandikeni tarehe, ili mtu aione ikimjia. Mtu anayetafsiri maneno ya mkutano na awe alikuwepo mkutanoni. Na mkisikia kwamba shahidi amekufa, ulizeni kaburi.

Jiwe la kwanza niliamua kulitia mwenyewe, mbele ya nyumba ya Mama Sifa, ikiwa ndiyo kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Kamugisha alikuja, akisema anakagua. Alikuja kwa ajili ya mkate, na alipewa. Nilitegemea kumkuta Mama Sifa akifurahi. Alikuwa amesimama mlangoni, juu ya mlango msalaba umesuguliwa ukabaki waridi hafifu, akinitazama nikining'iniza timazi.

"Papa," alisema, "Afande anasema mupaka haina lini. Ile ni mupaka ya benye nchi. Ya siye bakimbizi iko na lini. Ila tu hatuijue."

Maisha yangu yote nimelipwa kujibu swali la wapi. La lini sikuwa nalo, na sikumdanganya. Nilimwambia kwamba ninachoweza ni jiwe.

"Basi weka jiwe, Papa. Angalau jiwe haisikiake Kiswahili."

Nikaliweka. Nililisimamisha kwa timazi, nikashindilia udongo kwa kisigino pande zote, nikapima nikienda na nikapima nikirudi. Kamugisha alimeza tonge lake la mwisho, akaligonga jiwe kwa fimbo, mara moja tu, kama mtu anayebisha hodi.

"Barabara," alisema.

Na hakuna aliyemuuliza amekusudia ipi, iliyopo au itakayokuja.